Habu ya 4x4 imegoma? Ifungue kwanza kabla ya kukimbilia Grogan

Mvua ya masika ikipiga kule Narok, ule udongo mweusi haubagui gari. Msimu uliopita Land Cruiser ya mjomba, ambayo mimi huitumia kubeba mizigo, ilizama nikiwa nimeweka four-wheel kabisa. Magurudumu ya nyuma yalichimba shimo, ya mbele yakatulia tu. Trekta ilitutoa, na chapaa ya siku hiyo ikaishia hapo.

Mkosaji alikuwa habu ya kushoto, ile mafundi huita friwili. Swichi yake ilisoma LOCK lakini ndani hakuna kilichoshika. Na ekseli ya mbele yenye difu ya kawaida hupeleka nguvu kule kunakozunguka kwa urahisi. Habu moja ikigoma, hata ile nzima haikusaidii.

Nilipanda matatu hadi Nairobi. Duka la kwanza lilikataa kuniuzia moja. Jozi mpya au nirudi nyumbani, na kwa bei ile ningeendesha mwezi mzima bure. Nikateremka Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado tunaiita Grogan.

"Kijana, umeifungua?" mzee mmoja mwenye rundo la habu kuukuu akaniuliza.

"Bado, mzee."

"Sasa unanunua nini?"

Nilirudi mikono mitupu. Nauli iliniuma, lakini swali lile ndilo liliokoa pesa za mjomba.

Kufungua si kazi ngumu. Kofia ya nje hushikwa na boliti sita ndogo. Ukiitoa utaona klipu inayozuia shafti, kisha nati sita kubwa zinazoshika mwili wa habu. Hapo wengi huharibu: chini ya nati kuna washa za umbo la koni, zinazokwama. Usizichokore na bisibisi. Legeza nati bila kuzitoa, gonga kando kwa nyundo na kipande cha shaba, zitaruka zenyewe.

Ndani nilikuta matope. Gasketi ilikuwa imepasuka, maji yakaingia, springi ikala kutu na kukatika. Gia yenyewe ilikuwa safi, meno yote yapo! Kumbe nilitaka kununua jozi nzima kwa sababu ya springi.

Safari ya pili nilibeba habu yenyewe ndani ya mfuko. Usitegemee picha ya simu. Habu mbili zaweza kufanana kwa sura na bado meno ya ndani yakatofautiana idadi, kwa hivyo yahesabu, na uhesabu matundu ya boliti pia. Mzee alitoa springi kwenye habu iliyopasuka mwili, tukailinganisha na yangu, akaongeza gasketi mpya. Nililipa na nikabaki na nauli na chai.

Wakati wa kufunga, paka grisi kidogo tu. Ukiijaza, gia hushindwa kuteleza na utarudi pale pale.

Kisha inua gurudumu kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Ikiwa LOCK, shafti izunguke nalo. Ikiwa FREE, itulie. Fanya hivyo pande zote mbili. Mjomba alinisimamia nikirudia mara tatu, kisha akaninyoosha kidole: "Na ile ya kulia, gasketi yake uliiona lini?"

Nikarudi chini ya gari.