Uzito na Wembamba wa Kishikwambi Kijacho: Je, Chama Kingoje?



Katika ziara za ukaguzi wa vyama vya milima ya Uluguru, swali moja limenirudia mara kwa mara: je, chama kinunue kishikwambi sasa, au kingoje kile kijacho, ambacho inasemekana kitakuwa chembamba na chepesi zaidi? Chama kimoja kimekwisha kuahirisha ununuzi mara mbili kwa sababu ya tetesi hizo, na katibu wake bado anateremka mlimani na daftari za mapokezi ya mazao zilizolowa mvua.

Kwanza, yafaa ieleweke kwamba uzito wa kishikwambi hutokana hasa na betri, kioo na gamba lake. Mtengenezaji akipunguza unene, nafasi ya betri nayo hupungua. Akitaka kioo bora kinachokula umeme mwingi, hulazimika kuongeza betri, na uzito hurudi.

Pili, tetesi si hesabu. iPad ya kwanza ya kampuni ya Apple ya Marekani, ya mwaka 2010, ilikuwa na gramu 680 na unene wa milimita 13.4. Ya pili, mwaka 2011, ilishuka hadi gramu 601 na milimita 8.8. Aliyedhani kwamba ya tatu ingepungua zaidi alikosea: mwaka 2012 ilitoka na gramu 652 na milimita 9.4. Kioo chake kilikuwa na nukta mara nne ya kile cha awali, hivyo betri ikakuzwa kutoka wati-saa 25 hadi 42.5. Ni mwishoni mwa mwaka 2013 ndipo iPad Air ilipotoka na gramu 469 na milimita 7.5. Mfano huu si pendekezo la kununua aina hiyo; ni somo tu.

Tofauti kati ya ile ya 2010 na ile ya 2013 ni gramu 211, yaani haifiki robo kilo. Robo kilo ya karafuu ni fedha ya mkulima. Katika mkoba wa katibu si mzigo. Makarani wa sensa ya mwaka 2022 walipita kaya kwa kaya na vishikwambi, na kazi ikakamilika.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, Bodi ihakikishe mambo haya:

(a) Chombo kipimwe pamoja na kasha lake, chaja na betri ya akiba, kwani huo ndio uzito atakaoubeba katibu.
(b) Chaji idumu tangu asubuhi hadi mapokezi yafungwe.
(c) Kioo kisomeke juani, na kasha lizuie mvua.
(d) Fedha ziwemo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu.

Kumbukumbu zinazoingizwa katika MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hazipimwi kwa milimita. Mkulima aliyeleta mazao yake leo anadai yaandikwe leo, na hesabu yake isipotee njiani.