Virusi vya viwavijeshi na bakteria wa utumbo

Virusi vya viwavijeshi ni virusi vya jamii ya bakulovirusi vinavyowaua lava wa nondo wa jenasi Spodoptera. Katika Afrika ya Mashariki vinajulikana hasa kwa kumshambulia kiwavijeshi wa Afrika (Spodoptera exempta), anayekula mahindi, mpunga, mtama, uwele na nyasi za malisho. Vinapomwingia kiwavi, bakteria wanaoishi utumboni mwake hubadilika pia, na mabadiliko hayo huchangia katika ugonjwa wake.

Maambukizi

Kiwavi humeza virusi pamoja na majani. Virusi vimefungwa ndani ya punje ndogo sana za protini zinazovihifadhi nje ya mwili. Utumbo wa kati wa kiwavi hauna asidi kama tumbo la binadamu, bali una besi kali. Karatasi nyekundu ya litmasi ingegeuka buluu humo. Besi hiyo huyeyusha punje, virusi hutoka, hupenya utando unaotenganisha chakula na ukuta wa utumbo, kisha huzaliana ndani ya seli na kusambaa mwilini. Baada ya siku kadhaa kiwavi hupanda juu ya mmea, hufa akining'inia, na mwili wake huyeyuka na kudondosha virusi vipya juu ya majani.

Mabadiliko ya bakteria

Kiwavi mwenye afya ana bakteria wengi utumboni, wakiwemo wa jenasi Enterococcus. Kwa kawaida hawamdhuru, kwani utumbo hutoa protini za kinga zinazowazuia wasizidi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walionyesha kwamba katika Spodoptera exigua, ndugu wa kiwavijeshi, maambukizi ya bakulovirusi hupunguza utendaji wa jeni za kinga, na bakteria wa utumbo huongezeka. Kuwapo kwa bakteria hao nako kulivinufaisha virusi.

Isidhaniwe kwamba ndivyo ilivyo kwa kila mdudu na kila bakteria. Wolbachia, bakteria wanaoishi ndani ya seli za wadudu, humkinga nzi wa matunda Drosophila dhidi ya virusi fulani. Kwa kiwavijeshi wa Afrika ilionekana kinyume: utafiti wa mwaka 2012, uliotumia pia nondo waliokusanywa Tanzania, ulionyesha kwamba lava wenye Wolbachia hufa zaidi kwa virusi kuliko wasio nao.

Umuhimu kwa mkulima

Nchini Tanzania virusi hivi vimejaribiwa kama kiuatilifu. Havimdhuru binadamu, mifugo wala nyuki, lakini huua polepole, na kiwavi huendelea kula siku zote hizo. Kwa hiyo hufaa kunyunyiziwa viwavi wakiwa bado wadogo. Kujua ni bakteria gani wanaoharakisha kifo kunaweza kupunguza hasara hiyo. Kiwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda), aliyethibitishwa Tanzania mwaka 2017, ni mgumu zaidi kufikiwa kwa sababu hujificha ndani ya kikonyo cha mhindi.

Wazo lenyewe si geni kwa wenye minazi. Virusi vya chonga, mdudu anayetoboa kilele cha mnazi, viligunduliwa Malaysia miaka ya 1960, navyo huzaliana katika utumbo wa kati wa mdudu huyo. Miaka ya 1980 viliachiliwa Tanzania dhidi ya chonga wa Afrika (Oryctes monoceros).