Data Ghafi ya Kwihara

Kutoka Ng'ambo, Tabora, hadi Kwihara ni safari fupi. Huko liko tembe alimokaa msafiri Mskoti David Livingstone mwaka 1872, na ndiko mwandishi wa habari Stanley alikoagana naye Machi 14, akabeba jarida kubwa la Livingstone likiwa limepigwa lakiri.

Mtafiti wa leo angeliita jarida lile data iliyosafishwa. Data ghafi ilikuwa kwingine. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, Kongo, Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti kuukuu la London, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mmea wa huko. Baadaye akayanakili kwenye jarida. Kitabu cha shajara zake kilichotoka mwaka 1874 kilitegemea jarida hilo, na yale makaratasi yakafifia hata hayasomeki.

Yalikaa hivyo zaidi ya karne. Kisha watafiti walioongozwa na Adrian Wisnicki wakayapiga picha kwa mianga ya aina nyingi, hata isiyoonekana kwa macho, na kompyuta ikautenga wino na chapa ya gazeti. Mwaka 2011 wakaweka picha na maandishi mtandaoni, bure kwa yeyote. Ndipo ilipobainika kwamba masimulizi yake ya mauaji aliyoyashuhudia sokoni Nyangwe, Julai 15, 1871, hayafanani kila mahali na yale ya jarida. Mwandishi alikuwa amenakili huku akihariri.

Sisi watafiti wa leo nasi hunakili hivyo hivyo. Mwanafunzi huhoji wakulima wa tumbaku kwa Kinyamwezi, huandika Kiswahili kwenye dodoso, huingiza tarakimu kwenye jedwali, kisha madodoso huliwa na mchwa. Linabaki jedwali lenye safu iitwayo "S7b", na baada ya miaka miwili hata mwenyewe hajui S7b ilikuwa nini. Flashi nayo ni wino wa mmea tu. Weka nakala tatu, moja iwe katika mji mwingine, na jedwali lihifadhiwe pia kama maandishi matupu yanayofunguka kwenye programu yoyote.

Wengine huogopa kushirikisha data kwa sababu ya siri za waliohojiwa. Hofu hiyo ina msingi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitambua. Lakini majina huweza kuondolewa, ufunguo wa kuyatambua ukafungiwa kando, na kinachobaki kikasomwa na wengine.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni maelezo ya data: nani alikusanya, wapi, lini, kila safu ina maana gani. Mfano mzuri ni wa zamani: Livingstone alipofariki mwaka 1873, Jacob Wainwright, mmoja wa watumishi wake, aliandika orodha ya vilivyomo kwenye masanduku yake kabla watumishi wenzake Chuma, Susi na wengine hawajaanza kuupeleka mwili wake pwani. Walipopita Unyanyembe, eneo la Tabora, msafiri Mwingereza Luteni Cameron alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia kwa safari yake mwenyewe. Makaratasi yaliendelea hadi Bagamoyo.