Hisa Zina Bei, Mbona Haziuziki?

Baadhi ya washarika waliouziwa hisa za NMB mwaka 2008 au CRDB mwaka 2009 hutuuliza swali hili. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, halinunui hisa. Linakutanisha muuzaji na mnunuzi. Bei inayotangazwa ni ya mauzo yaliyokwisha kufanyika. Ukimwagiza dalali auze hisa 1,000 kwa bei uliyoitaja, na mnunuzi akataka 200 tu, zile 800 hubaki kwenye foleni kama magunia ya alizeti. Hapo ushushe bei au ungoje, na ada ya shule ya Januari haingoji. Tunashauri agizo litolewe mapema, tangu Oktoba. Mwulizeni dalali pia litafutwa lini lisipopata mnunuzi.