Kabla ya dona, ungo

Dodoma siku hizi hazikai familia mbili bila kutajwa mgonjwa wa sukari au presha. Na ushauri ni uleule: acha sembe, kula dona. Ni ushauri mzuri. Dona ina pumba na kiini chake, inashibisha, na haipandishi sukari haraka kama sembe. Kwangu pia tunasonga dona. Lakini kuna neno linarukwa, na mkoani kwetu kuliruka ni hatari.

Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua ghafla: macho ya njano, kutapika, matumbo kujaa maji. Waliobainika walikuwa 68, na 20 kati yao walikufa. Chanzo kilikuwa sumukuvu, ndani ya mahindi waliyokuwa wakila.

Sumu hii hutengenezwa na ukungu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ikikatika mapema, mahindi huzidiwa na jua na ukungu huyaingia yakiwa bado shambani. Yakianikwa chini kwenye udongo, au yakiwekwa ghalani kabla hayajakauka, unaenea. Kupika hakusaidii: ugali unaiva, sumu inabaki. Ikiliwa kidogo kidogo miaka mingi, huleta saratani ya ini. Namwogopea zaidi mtoto anayenyweshwa kila asubuhi uji wa mahindi na karanga, kwa kuwa mazao hayo mawili ndiyo yanayoshambuliwa zaidi.

Sasa, sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, yaani sehemu zilezile tunazozisifia kwenye dona. Mahindi yakiwa mabovu, dona inakulisha sumu nyingi kuliko sembe. Kama huyaamini mahindi yako, yakoboe. Ukiyaamini, saga dona kwa amani.

Utayaaminije? Chamwino nilimkuta mama mmoja akitia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu. Akaitikisa, akaiweka kando kama robo saa. Chumvi ikaganda kwenye kuta za chupa. "Bado yana maji," akasema, akayarudisha juani, juu ya turubai.

Yaliyokwisha kukauka aliyamwaga kwenye ungo, akachambua moja moja: yaliyovunjika, yenye matundu ya dumuzi, yenye rangi ya kijani au kijivu kwenye ncha. Kazi ya saa nzima kwa debe moja. Kuchambua huko peke yake kunaondoa sehemu kubwa ya sumu.

Mezani kwake hakuna mahindi kila siku. Kuna ugali wa uwele na mlenda, chakula cha Wagogo tangu zamani, na kubadilisha nafaka namna hiyo kunapunguza sumu inayoingia mwilini.

Makapi yalikuwa konzi mbili. Kuku walikuwa wamekwisha kusogea. Akawafukuza, maana sumu anayolishwa mfugo humrudia mtu, kama ile ya pumba mbovu inavyofika hadi kwenye maziwa ya ng'ombe aliyelishwa, akaenda kuyafukia nyuma ya nyumba.