Ini Lako na Sindano ya Kificho

Ndugu mfanyakazi, mwenzako akikuonyesha kichupa cha unga mweupe na kusema: "Changanya na maji, ujipige sindano tumboni, ini litapata nguvu," ngoja kwanza.

Dawa ya namna hiyo huitwa peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, vipande vinavyojenga protini. Peptidi zote si mbaya. Insulini ya wagonjwa wa sukari ni mojawapo, nayo inaokoa watu tangu 1922. Lakini insulini ilipimwa vizuri, na mgonjwa huandikiwa na muganga. BPC-157, inayosifiwa kwamba inalinda ini, imejaribiwa hasa kwa panya. Kichupa cha kununua njiani, hujui kilichomo.

Tena iko hatari ya sindano yenyewe. Virusi vya hepatiti B vinaweza kuishi siku 7 nje ya mwili, hata katika tone la damu usiloliona. Mkishirikiana sindano au kichupa, unaweza kutafuta dawa ya ini ukapata ugonjwa wa ini.

Ukitaka kulinda ini:

1. Acha lutuku na pombe nyingine.
2. Usizidishe vidonge vya paracetamol.
3. Uliza chanjo ya hepatiti B.
4. Macho yakiwa manjano, au mkojo mweusi kama chai, njoo dispanseri siku ileile.

Na kama ulishajipiga sindano hiyo, usifiche. Njoo tupime damu. Hatutakugombeza.