Saa Moja na Nusu hadi Mwanza, au Saa Saba?

Tuseme umekuja Dar es Salaam kumtazama mwanao anayeuza nguo Mtaa wa Msimbazi, kule Kariakoo. Usiku simu inalia: kaka yako wa Sengerema yu mahututi. Mwanao anakutuliza, "Usihangaike, baba. Kwa ndege, Mwanza ni saa moja na nusu tu." Asemayo ni kweli, ila si kweli yote.

Kwanza umbali. Ndege hukata moja kwa moja juu ya mbuga na milima, kilomita 850 hivi. Basi hupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100, nalo litakula mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ina zaidi ya kilomita 1,200, maana hushika njia ya Tabora kwanza.

Ndege kubwa za siku hizi zikiisha kupanda juu hukimbia kilomita 800 na zaidi kwa saa. Mbona basi tiketi haisemi saa moja? Kwa sababu ndege hutambaa kwanza uwanjani kwa magurudumu, halafu hupanda, na ikikaribia ziwa hupunguza mwendo ili ishuke. Hayo yote yamo katika muda wa tiketi. Zile Dakota za East African Airways, shirika lililokufa mwaka 1977, zingehitaji zaidi ya saa tatu kwa umbali huo.

Sasa saa zenyewe, na hapa ndipo mtu anapoachwa na ndege. Tiketi ikiandikwa 07:00, usidhani ni saa 7 mchana. Ni saa 1 asubuhi! Saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane, za kwetu huanza jua linapochomoza. Ondoa 6 utapata za kwetu: 10:00 ni saa 4 asubuhi, 14:00 ni saa 8 mchana. Jibu likizidi 12, ondoa 12 tena: 20:00 ni saa 2 usiku. Na ikiwa ni 05:00, ongeza 6, nayo ni saa 11 alfajiri.

Kwa ndege ya saa 1 asubuhi, uwe uwanjani saa 11 alfajiri. Toka Msimbazi hadi Uwanja wa Julius Nyerere ni kilomita kama 10 tu. Alfajiri njia ni nyeupe. Jioni, magari yakisongamana, utatazama saa mpaka jasho likutoke. Na anayetokea Magomeni wakati wa masika akumbuke kwamba Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, barabara hufungwa.

Tuseme umetoka saa 10 usiku, upate nafasi ya kutafuta gari. Ndege inatua Mwanza saa 2 na nusu. Ngoja mzigo, tafuta gari tena, vuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 (zamani hapo ungengoja kivuko). Ukifika Sengerema saa 5 umefanya vema. Ni saa 7 mlango kwa mlango.

Basi kabla hujalala, wapigie simu walio kwa mgonjwa. Waambie saa 5, si saa 2 na nusu, ili kijana wa kukupokea asishinde njiani bure, na kama kaka amekwisha kufariki, wapange saa ya kuzika wakijua utafika lini.